Sehemu Isiyo na Maandishi

Watu wasiomjua kabisa yule bibi walijua anataka majivu yake yakamwagwe wapi kabla mwanawe wa pekee hajajua. Walimsikia akisema kwenye filamu fupi, katika ukumbi mmoja wa Aston, mtaa wa Birmingham, Jumamosi alasiri, na mwanawe ameketi papo hapo.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Alikuwa Mpunjabi aliyezaliwa Kisumu. Yeye na dada yake walikuwa na desturi yao: mtoto akiingia jikoni, wanahamia Kiswahili. Mwanawe, mzaliwa wa Birmingham, alikua akikisikia kama mtu anavyosikia mvua dirishani.

Binti wa huyo mwanawe alisomea filamu. Alitegesha kamera mezani, akawaacha bibi zake wasukume chapati, kisha akaniita mimi ninayejua Kiswahili nimtafsirie. Tuliitazama sebuleni, bibi akitumiminia chai. Unga ulielea kwenye mwanga wa dirisha, bangili zikagongana, sauti mbili zikashuka kama za watu walio karibu na usingizi.

“Huyu kijana wangu anataka kunipeleka Punjab,” bibi alikuwa akisema kwenye picha. “Punjab mimi najua nani? Majivu ya mama yangu tulimwaga ziwani, Kisumu. Yangu pia yaende huko.”

“Samaki watakula wewe,” dada yake akasema.

“Wacha wale. Mimi nimekula wao miaka mingi.”

Mjukuu akanigeukia. “Wanasema nini?”

Bibi akaniwahi kwa Kiswahili. “Hiyo wacha, mwanangu. Mume wangu tulimpeleka Punjab. Kijana akisikia sitaki kwenda kwa baba yake, ataumia.”

“Basi si umwambie aikate, mama?”

“Akate ya nini? Hapa Birmingham nani anajua Kiswahili?”

Nilimwambia binti kwamba maneno ni ya nyanya yake, amuulize mwenyewe. Bibi alicheka tu, akamwongezea chai. Binti aliipenda mno ile sauti, akaiacha sehemu ile bila maandishi chini ya picha.

Siku ya maonyesho mapazia yalifungwa. Filamu zilipita moja baada ya nyingine: mvulana akijifunza kufunga kilemba mbele ya kioo, mzee akitafuta nyumba yake kwenye ramani. Kelele za uwanja wa mpira zilikuja na kuondoka, mbali, kama maji yanayopiga ukingo. Nyuma yetu waliketi akina mama Wakongo waliofika mapema kwa mazoezi ya kwaya.

Ikafika filamu ya binti, na kwenye habari ya samaki safu yao nzima ikacheka.

“Uyu mama ni wa kwetu,” mmoja akasema.

Mwana wa bibi aligeuka, akawatazama muda mrefu. Kisha akaniinamia, akaniuliza kwa Kiingereza mama yake amesema nini. Nikamjibu amuulize yeye. Bibi hakuondoa macho kwenye picha, ila mkono wake ulikuwa umeshika wa mwanawe.

Walitoka pamoja mvuani. Niliwaona kituoni, mwana amemshikia mwavuli, ameinamisha kichwa hadi karibu na mdomo wa mama yake, akimsikiliza. Basi likaja, likawaficha.

Filamu ilionyeshwa tena majira ya kiangazi, na nikaenda. Sehemu ile bado haikuwa na maandishi.