Balo ya Ndani ya Telefone

Mtu akikuuliza hapa Alunguli, ng'ambo ya mto mjini Kindu, kama kufungua zile pakiti za kadi ndani ya telefone na kuuza kilichomo kuna faida, mtume kwangu. Asimwendee mume wangu Twaibu, maana yeye mpaka leo atamwambia faida iko, ila imechelewa njiani. Mimi Nuru, mke wake, nitamjibu bila kuzunguka: faida iko kwa yule anayeuza pakiti ikiwa imefungwa. Anayeifungua ni mjinga, na mjinga huyo nimezaa naye watoto sita.

Lakini nisimwonee. Twaibu hakuzaliwa mjinga. Miaka ya vita, mji ulipozingirwa, mtu hawezi kwenda shambani kuchimba hata muhogo wake mwenyewe, treni imekufa, bidhaa zinashuka kwa ndege tu, yeye ndiye aliyetulisha kwa balo za nguo kuukuu. Balo, kwa asiyejua, unainunua ikiwa imefungwa na mikanda, hujui ndani kuna nini. Unalipa, unakata mikanda, ndipo unajua kama Mungu amekukumbuka. Twaibu alikuwa anaikandamiza kwa goti, anaweka pua kwenye kona, kisha anasema, "Hii njo ya wanawake, iko na magauni." Mara nyingi alipatia. Hata wachuuzi wenzake walikuwa wanamwita aje kuwanusia zao.

Siku moja hakupatia. Alikata mikanda mbele ya wateja, yakatoka makoti ya baridi ya watoto, mazito, ya manyoya, katika joto hili la Kindu. Watu walicheka hadi wakasahau njaa. Twaibu akakaa juu ya makoti yake, uso umemshuka. Mimi nilikuwa na mashini yangu ya kushonea, ya kukanyaga kwa mguu, ambayo marehemu baba aliniletea kutoka Kibombo nilipoolewa. Nilikuwa nimeificha chini ya kuni, kwa sababu askari walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuchukua wanachokiona. Nikaitoa. Nikayakata makoti yote, nikashona blanketi za vichanga na mito ya kulalia, vikaisha, mpaka vifungo niliviuza. Tulikula. Hakuna aliyenipongeza, ila tangu hapo Twaibu akawa na neno lake moja la kila mahali: hakuna balo ya kutupa. Alilisema kana kwamba yeye ndiye aliyeshika mkasi.

Sasa njoo miaka hii. Vita vimerudi huko mashariki, Goma ikaanguka, ndege za mizigo kutoka kule zikakatika, na balo zikakatika nazo. Meza yake sokoni ikabaki na suruali chache ambazo hata mwizi hakuzitaka. Mimi niliendelea kushona: sare za shule, viraka, magauni ya arusi. Mashini ile ndiyo iliyoweka sufuria motoni, na kila mtu nyumbani alijua hivyo, Twaibu kuliko wote. Nadhani ndicho kilichomuuma. Mwanamume aliyelisha nyumba wakati wa risasi, leo anaomba fedha ya sabuni kwa mke wake.

Ndipo akafuatana na Djo, jirani yetu anayechaji telefone za watu pale kwenye kivuko. Djo alimwonyesha kadi za wachezaji wa mpira, si za karatasi, ni picha tu ndani ya telefone. Unanunua pakiti iliyofungwa, hujui ndani kuna nani. Unaigusa kwa kidole, inafunguka, wachezaji wanatoka. Usiowataka unawauza kwa watu walioko Kinshasa, Ulaya, popote.

Twaibu alirudi nyumbani anatembea kama aliyeitwa kazini.

"Mama Salama, hii njo balo," akaniambia. Salama ni binti yetu wa kwanza. "Balo kabisa. Iko na shua, iko na mabaki. Tena haingojee ndege."

Shua ndiyo nguo ya daraja la kwanza ndani ya balo, ile nzuri inayogombewa. Nikamwuliza kama hiyo si kamari.

"Kamari njo karata za kucheza. Hizi ni za kuuza."

"Na yale mabaki atanunua nani?"

"Hakuna balo ya kutupa. Umesahau makoti?"

Nisahau vipi, na vidole vilivyotobolewa na sindano vilikuwa vyangu.

Djo mwenyewe alimwonya, nilisikia kwa masikio yangu. "Papa Twaibu, mimi nachezaka tu," alimwambia. "Sijaonaka muntu wa kutajirika humu." Twaibu akamwona ni mtu asiyejua biashara.

Basi fedha aliyoiweka akingoja balo zirudi ikaingia ndani ya telefone. Akafungua pakiti, wakatoka wachezaji ambao sidhani kama hata majirani zao wanawajua. Akafungua nyingine, wale wale. Hapo angepaswa kushtuka. Suruali mbovu ya balo iko moja, ina tundu lake peke yake, na maskini mmoja ataitaka tu kwa bei yake. Mchezaji mbovu wa kadi nakala zake ziko maelfu, kila aliyefungua pakiti duniani amempata huyo huyo na anamtembeza. Ukibahatika kuuza, wenye mchezo wanakata chao, anayekutumia fedha anakata chake, na megabaiti umeshazilipa. Nikamwambia alete hao wachezaji hapa kwenye mashini niwakate, niwashonee vichanga blanketi. Alininunia, na chakula changu hakugusa.

Halafu, kwa bahati mbaya, akampata mmoja mzuri. Nasema bahati mbaya na sikukosea. Mshambuliaji, kadi yake inang'aa pembeni, Djo alipoiona alijishika kichwa. Siku hiyo hiyo mtu wa Kinshasa aliitaka, kwa bei ambayo ingerudisha fedha yote ya balo na kuacha kidogo juu yake.

"Papa, uza leo," Djo akamsihi. "Hii haingojaka."

Hapo mume wangu akafanya kosa ambalo mwuza balo wa Kindu peke yake angelifanya. Kila anayeuza nguo sokoni kwetu anajua kwamba shua haiuzwi siku ya kufungua. Unaikunja, unaiweka chini kabisa, unangoja mishahara ya watu wa serikali itoke, au unangoja Idi, wakati baba mwenye haya atatoa alicho nacho ili mtoto wake asiende kuswali na nguo ya mwaka jana. Hapo unaitoa, na bei unaitaja wewe. Nasi tulikuwa katika mwezi wa Ramadhani. Twaibu akasema kadi yake ataiuza Idi.

"Hao watu wa Ulaya watamvaa huyo mchezaji kwenda msikitini?" nikamwuliza.

"Wewe shona," akanijibu.

Wala kungoja hakukumtosha. Alitaka pakiti nyingine kabla ya Idi, ili awe na shua nyingi za kutoa kwa pamoja. Akavuka mto, akaenda kwa Mama Françoise, mwanamke wa Kasai mwenye atelie ya ushonaji karibu na stesheni, akaweka mashini yangu rehani mpaka sikukuu. Alipokuja kuniomba ruhusa, fedha alikuwa ameshaipokea, nami sikujua. Nikakataa. Nikamwambia, Baba Salama, mashini hii ndiyo shamba langu, ukiitoa nitabaki kuomba kwa watu ukili wa kuwasukia mikeka. Akasema ni siku chache tu. Nikakataa tena.

Asubuhi Mama Françoise akafika mlangoni na wabebaji, anasalimia kwa heshima, anauliza habari za watoto, anatushukuru kwa kumwamini. Ungefanya nini wewe? Ungemwita mume wako mwongo mbele ya mgeni? Mimi nilivyolelewa, siwezi. Nilitoa gauni la mteja lililokuwa chini ya sindano, nikafuta mafuta, nikawaonyesha wabebaji mahali pa kushika wasije wakaivunja kwenye mtumbwi. Twaibu alikuwa uani, anaangalia telefone yake. 

Pakiti mpya hazikuwa na kitu. Idi ikafika, tukaswali, tukarudi, akaitoa kadi yake iuzwe. Kumbe wenye mchezo walikuwa wameshaleta wachezaji wengine wakali kuliko yule, na kila aliyekuwa naye alikuwa anakimbilia kumuuza. Bei iliyobaki isingenunua kuku wa sikukuu. Djo akainama kwenye nyaya zake. Mimi nilisema. Nilisema yote, majirani wakasikia, na simwombi mtu radhi.

Kadi bado anayo. Hakuiuza hata kwa bei ile ya kuku, anasema itapanda. Akikaa nje anawaonyesha wapita njia, wanamwambia ni nzuri sana, wanakwenda zao. Hasira zangu kwake hazijaisha, na sijui kama zitaisha, lakini nikimwona amekaa hivyo namletea maji.

Rehani hatukuikomboa, na mimi sasa navuka mto kila asubuhi kwenda kwa Mama Françoise. Ananilipa kwa nguo ninayoimaliza, na chai ananipa, si mtu mbaya. Aliniweka kwenye mashini yangu, akasema ndiyo niliyoizoea. Juzi niliondoka nyumbani tumegombana, nikawa nakanyaga kwa nguvu. Akaja nyuma yangu, akanigusa bega.

"Mama Salama, polepole," akasema. "Ukiharibu mashini ya watu, utalipa na nini?"

"Ndiyo, mama," nikamjibu, nikapunguza mguu.