Mkwe, Niangushe

Nyanjige hakwenda kujifunza kupigana. Hilo aliwaambia wote waliomuuliza pale soko la Bariadi, na waliomuuliza hawakuwa wachache, maana mwanamke wa umri wake, mwenye mwili wake na meza yake ya mchele, akionekana jioni anaingia kwenye ghala la zamani la pamba na trakisuti chini ya kitenge, lazima aulizwe. Yeye alikwenda kujifunza kuanguka.

Kuanguka alikuwa ameshaanguka, tena sana. Alikuwa akifuata mpunga kwa wakulima wa Migato, pikipiki ikammwaga kwenye mchanga, mkono ukavunjika. Mkono ulipona, woga ukabaki. Tangu siku hiyo hakupanda tena pikipiki, na kwenye mashamba yale bila pikipiki hufiki. Akawa ananunua kwa madalali, watu wanaoweza kukuuzia mawe na ukawaambia asante. Hata ngazi mbili za baraza lake alianza kuzishuka kinyumenyume, ameshika nguzo. Alijichukia kwa hilo. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kukaa tena nyuma ya pikipiki bila moyo kumpanda kooni.

Mwalimu alikuwa Tajudin, muuza magodoro, ambaye kwao ni Kondoa. Ujanani alifanya kazi Kariakoo, akarudi na mkanda mweusi ambao Bariadi nzima hakuna aliyeujali. Mchezo wake aliuita aikido, wa Kijapani, ambao adui akikujia kwa nguvu humzuii. Unampisha, unamzungusha, unamsaidia kufika chini. Nyanjige hakuwa na adui. Yeye alisikia sentensi moja tu.

"Mama, kwangu mwezi wa kwanza wote ni kuanguka."

"Kuanguka bila kuumia?"

"Bila kuumia."

"Kesho nakuja."

Ghala lilitandikwa magunia yaliyojazwa pamba fifi, ile ya daraja la pili, na juu yake turubai. Hapo Nyanjige alifundishwa kukunja shingo, kulegeza bega na kuviringika, kisha kupiga turubai kwa mkono ili pigo liishie mkononi na siyo kiunoni. Siku ya kwanza aliviringika akakwama katikati, miguu juu, akakaa hivyo akitafakari maisha yake mpaka alipogeuzwa. Baada ya wiki chache aliviringika vizuri na kusimama mwenyewe. Aliporudi nyumbani alipanga kwenda Migato kesho yake. Asubuhi alipoiona pikipiki, miguu ilikataa.

Alielewa kwa nini. Kuanguka kwa kupenda ni makubaliano yako na nafsi yako. Pikipiki haikuulizi. Alihitaji mtu wa kumwangusha kwelikweli, na mtu huyo hakupatikana.

Joyness wa saluni alimvuta kwa nguvu zake zote, akaishia kuning'inia kwenye mkono wa Nyanjige kama nguo kwenye kamba. Vijana wa gereji walimshika kwa vidole viwili, wakamteremsha chini kama trei ya mayai, kisha wakasema, "Pole mama." Tajudin mwenyewe alikuwa na mke, Yasmini, aliyekaa mlangoni akiuza maji ya chupa na kuangalia mikono ya mumewe imefika wapi. Basi mikono ya Tajudin haikufika popote.

Hapo ndipo alipokuja Masalu, mwanafunzi mpya. Alikuwa mpakiaji wa marobota ya pamba, kifua kipana kama mlango wa lori. Alivua kandambili, akainua macho, akamwona mwanamke amelala chali katikati ya turubai. Alikuwa mama mkwe wake. Masalu, mume wa Nancy, binti wa pekee wa Nyanjige, akageuka na kutoka na kandambili moja.

Tajudin akamrudisha kwa kumshika shati. Akawatazama wote wawili kwa macho ya mtu anayepima godoro, akafurahi.

"Uzito wenu unaendana. Mtafanya pamoja."

"Mwalimu," alisema Nyanjige, "huyu ni mkwe wangu."

"Vizuri sana. Kumbe mnafahamiana."

Ikabidi Tajudin aelimishwe. Kwa kina Nyanjige mkwe wa kiume hamshiki mama mkwe wake mkono, hata wa salamu. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Masalu alipokuja kumsalimia nyumbani alichuchumaa karibu na zizi, akasema "Mwadila mayu", salamu ya Kisukuma kwa mama, huku akiangalia chini, na chai aliletewa hukohuko alikochuchumaa. Miaka yote ya ndoa hawakuwahi kugusana hata kwa kupeana kikombe.

Tajudin alikuna kidevu, akaenda nyuma ya ghala, akarudi na fimbo ndefu. Mchezo huu, alisema, una sehemu yake ya fimbo. Huyu ashike huku, yule ashike kule. Nani kamgusa nani?

Kwa fimbo hakukuwa na ubishi. Ila Masalu alikuwa na adabu kupita kiasi. Ilipokuwa zamu ya Nyanjige kumwangusha, alianguka fimbo ikiwa bado haijasogea. Ilipokuwa zamu yake yeye, aliiachia fimbo na kuomba radhi. Jioni nzima ikapita hivyo, na nyingine, mpaka uvumilivu wa Nyanjige ukaisha. Aliwaza madalali. Aliwaza ngazi mbili za baraza. Akaipiga fimbo chini.

"Mkwe!"

"Naam, mama."

"Umewahi kukataa neno langu?"

"Hapana, mama."

"Basi nakutuma. Niangushe."

Hapo Masalu alibanwa pande zote. Kumwangusha mama mkwe ni kosa, na kumkatalia mama mkwe ni kosa. Alifumba macho. Akaishika fimbo kwa mikono iliyozoea marobota, akapiga hatua, akazunguka.

Nyanjige aliruka. Watu waliokuwepo bado wanabishana juu ya urefu aliofika, lakini wote wanakubali kwamba aliruka. Alishuka kwa bega, akaviringika, akapiga turubai mpaka vumbi la pamba likajaza ghala, na vumbi lilipotulia alikuwa amesimama upande wa pili, kilemba kimemfunika jicho moja, anacheka kwa furaha.

"Tena!" alisema.

Masalu hakuwepo. Safari hii aliacha kandambili zote mbili.

Siku chache baadaye Nancy alifika sokoni amefura.

"Mama, umemfanya nini mume wangu?"

"Mimi? Aliyetupwa ni mimi."

"Yuko Migato kwa wazee wao, anatafuta dawa ya kumtupa mkwe. Hataki kurudi nyumbani mpaka asafishwe."

"Wazee wanasemaje?"

"Wanasema dawa ya kumgusa mkwe kwa bahati mbaya ipo. Ya kumkuta anaoga ipo. Ya kumrusha hewani hawajawahi kuisikia. Wanakuita."

"Si niwapigie simu?"

"Wamekataa. Kesi ya mkwe haiamuliwi kwa simu."

Nyanjige alichota mchele, akaumwaga. Migato. Mchanga uleule. Lakini binti yake alikuwa analala peke yake kwa sababu ya amri iliyotoka kinywani mwake, na hilo hakuweza kulifumbia macho. Akamwita Hamimu, kijana wa bodaboda aliyemwamini kuliko wenzake, akapanda, akafumba macho. Njia nzima alimkumbatia Hamimu kiasi kwamba kijana aliomba, "Mama, legeza kidogo, nashindwa kupumua." Hakulegeza. Moyo ulikuwa kooni kama mwanzo, na alijua kwamba pamba yote ile ya Tajudin haikuwa imemsaidia kitu.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye vigoda uani. Masalu alikuwa amechuchumaa mbali, amekonda. Mkubwa wao, Mzee Mboje, baba mkubwa wa Masalu, alimtazama mgeni kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akamtazama tena kwa upana.

"Mayu, ni kweli kijana alikutupa?"

"Ni kweli. Mimi ndiye niliyemtuma."

"Ukaenda juu?"

"Nikaenda juu."

Wazee wakanong'onezana. Kisha Mzee Mboje akatoa uamuzi kwa upole mkubwa. Kesi imefutwa, kwa sababu jambo lenyewe haliwezekani. Mwili wa mkwe wao, Mungu auzidishe, haunyanyuliwi na mtu mmoja. Kijana aliota.

Ungedhani Nyanjige angeshukuru na kuondoka. Lakini kuitwa mwongo mbele ya wakwe kulimchoma kuliko mkono uliovunjika. Alitazama ardhi ya ule ua. Ilikuwa imefagiwa, ngumu, haina pamba wala turubai. Akaokota fimbo ya kuchungia ng'ombe iliyoegemezwa ukutani, akamnyooshea Masalu ncha moja.

"Mkwe, waonyeshe."

"Mama, hapa ni ardhi tupu!"

"Napaona. Niangushe."

Masalu aliangalia wazee, akaangalia mbingu, akashika fimbo. Kuku walitawanyika. Nyanjige aliona paa la nyumba, akaona mawingu, akaona miguu ya Mzee Mboje ikiwa juu chini, na mara bega likaigusa ardhi, likaviringika lenyewe bila kuomba ruhusa, na mkono ukapiga udongo, paa! Alisimama. Kinyesi cha ng'ombe kilikuwa mgongoni. Akajipapasa viwiko, kiuno, magoti. Vyote vilikuwepo, vyote vilikuwa vyake.

Kigoda cha Mzee Mboje kilikuwa kimeanguka, na mzee pamoja nacho. Alipoinuliwa alisema kosa lipo, tena kubwa, ila mwenye kosa ni aliyetuma, naye atatoa jogoo. Masalu akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ghala.

Jioni Nyanjige alifunga gunia la mpunga aliouchagua mwenyewe shambani, akapanda nyuma ya Hamimu, mikono yake akaiweka mapajani.

"Mama, nitakwenda polepole kwenye mchanga," alisema Hamimu.

"Wewe endesha," alisema Nyanjige. "Tukianguka, jijue mwenyewe."