Mayai Aliyokatazwa Mama

Bibi mzaa baba alikuwa na kuku saba, na mama yangu, alipokuwa na mimba yangu, hakuruhusiwa kuonja hata yai moja. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, kijijini kwetu Mutuka. Mvua ilikuwa imegoma, sukari na sabuni vilikuwa vya foleni, na unga wa mahindi ya njano walioupata kwa mgao ulinuka gunia. Kuku wale waliendelea kutaga tu.

"Mayai hapana," bibi alimwambia. "Na maziwa hapana. Mtoto akinenepa tumboni atakuua."

Wajawazito wengi walikatazwa hivyo hata miaka ya shibe, ili mtoto atoke kwa urahisi. Ila mwaka ule mwiko ulimfaa bibi vizuri sana. Mayai alikula baba, na yaliyobaki alikula bibi mwenyewe. Siku moja mama alifukia yai kwenye majivu ya jikoni, likaiva, akalibugia. Bibi akamkuta. Alimshika taya, akamlazimisha kulitema mbele ya baba. Baba akaendelea kula ugali wake.

Nilitoka haraka, kadogo. Bibi alijisifu mpaka kanisani. "Nimemwokoa mkwe wangu! Haka kametoka kama punje ya haragwe." Alikufa mzee, ameshiba. Sijamsamehe na sitamsamehe.

Mimi nikakua, nikafungua mgahawa Maisaka, nikala kama mtu anayelipiza kisasi. Kabla sijafika arobaini nikawa na kisukari, kisha kidonda cha mguu kisichopona. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba mguu utakatwa chini ya goti, ndipo akaniuliza kama nilizaliwa mdogo. Nikacheka. Akaeleza kwamba mtoto akikosa chakula tumboni, mwili wake huzoea kubana matumizi, na baadaye shibe ikija huulemea; huenda hilo lilichangia. Alisema huenda. Alitaja pia soda zangu, na kidonda nilichokificha miezi miwili. Hayo sikutaka kuyasikia.

Alasiri mama akaja wodini na chupa ya uji. Bibi alikuwa kaburini, baba pia. Nikamgeukia aliyebaki.

"Kwa nini hukula, mama? Ungeiba hata mayai kumi! Ona sasa mguu wangu."

Hakulia. Alimimina uji kikombeni, akaupoza taratibu.

"Ulipozaliwa watu wote walimpongeza bibi yako," alisema. "Hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa na njaa. Hata wewe leo hujaniuliza."

Alikaa pale, kikombe mkononi, mpaka nesi alipokuja kuwatoa wageni. Muda wa kumuuliza nilikuwa nao. Nikageukia ukutani.

Asubuhi wakanikata mguu. Mama ndiye anayeniogesha hadi leo, na bado sijamuuliza.