Bamba Nililolitupa

Asubuhi ile tulikuwa tunagombania ukoko. Mimi na rafiki yangu Odong tulikuwa kikosi kimoja cha mzinga, huko kaskazini. Yeye alibeba bomba, mimi nilibeba bamba zito la chuma linalokaa chini yake. Jua lilikuwa zuri, ugali wa posho umeshika sufuria, na Odong anadai ukoko ni haki ya mwenye bomba, maana bomba ndilo linalopiga, bamba linakaa tu kama shemeji mgeni. Nilicheka mpaka nikamwachia.

Risasi ya kwanza ilitoboa sufuria.

Maadui walitokea kwenye shamba la mtama, wengi kuliko sisi. Afande wetu ndiye aliyetangulia kukimbia, na alikimbia vizuri.

Nikatupa bamba.

Odong akainua bomba begani. Nikamwambia alitupe.

"Watanibebesha gogo," akasema.

"Gogo linabebwa na aliye hai. Tupa, wewe!"

Kambini kwetu, aliyerudi bila silaha alibebeshwa gogo la uzito uleule, akazungushwa mbele ya nyumba za askari, wanawake wakiimba kwamba huyo ndiye mke wake mpya. Odong alikuwa na mchumba palepale kambini. Hakutaka amwone hivyo.

Tulikimbia pamoja hadi mtoni. Mimi nikavuka.

Nilipogeuka, alikuwa bado ng'ambo, bomba begani.

Risasi ikampata, akaanguka nalo.

Niliporudi kambini nikapewa gogo langu. Nililia usiku, mchana nikalibeba. Wanawake walitaka aibu, nikawapa ngoma: nilicheza na lile gogo mpaka wakashika mbavu. Mmoja, Zainabu, aliimba kuwashinda wote, eti mke wangu hana kiuno. Nikamjibu, basi njoo wewe mwenye nacho. Akaja. Hajaondoka mpaka leo.

Shule niliiacha darasa la tatu. Karakana yangu hapa Katwe nimeijenga kwa mikono hii, natengeneza majiko na milango, na watoto wote nimewasomesha. Anayetaka kuniita mwoga aje aniite hapa, mbele ya wajukuu wangu. Atawaona walivyo wengi.

Juzi binti yetu, mwalimu wa historia, alitusimulia wakati wa chakula habari za askari wa Ugiriki ya kale. Walibeba ngao nzito sana, na aliyekimbia vita alianza kwa kuitupa ili miguu iwe nyepesi. Nyumbani walichekwa vibaya.

"Hao waliochekwa," nikamuuliza, "walizaa?"

"Walizaa, baba. Na wengine walipata ngao mpya, wakarudi vitani."

Nikasema hao ni ndugu zangu. Zainabu akaweka kijiko chini, akaanza ule wimbo wa gogo, sauti ileile. Wajukuu wakapiga sahani. Nikasimama nikacheza, na goti langu bovu.

Odong hana wa kumpigia sahani. Mchumba wake alilia, kisha akaolewa na mwingine, na sikumlaumu. Jeshi lilipata bomba jingine kabla mvua hazijaanza.

Siku nyingine chuma chakavu kinaletwa karakana, na ndani yake mna bomba la unene ule. Naliweka begani, nasimama nalo kidogo. Kisha nalitua chini.

Linatulika, Odong. Ni chuma tu.