Makaa Chini ya Jiwe la Mpaka

Nakumbuka asubuhi moja kule Gatsata, mwanangu, nilipokuwa mpimaji ardhi kijana, mwenye kiburi kizito kuliko darubini ya kupimia niliyobeba begani. Mfanyabiashara mmoja wa Muhima alitaka kujenga ghala kwenye kiwanja chake kando ya barabara. Upande wa juu wa kiwanja hicho, mlimani, aliishi mjane, Mama Speciose, katika nyumba ya matofali mabichi. Kazi yangu ilikuwa kupima mpaka kati yao kabla tingatinga halijaingia.

Mfanyabiashara alinipokea kwa mikono miwili. Brosheti za mbuzi, fanta baridi, kiti kivulini. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza; msemo huo niliujua tangu utotoni, lakini nyama choma huziba masikio. Akanionyesha jiwe la mpaka kwa kidole. Desturi yetu ni kuwaita majirani wote wasimame pale kabla ya kupima, basi nikamuuliza jirani yuko wapi. Akasema yule mama ni mkorofi, amekataa kushuka. Nikatazama juu, nikamwona amesimama mlangoni, amekunja uso, nikamshuku yeye. Nilijiambia kwamba asiye na la kuficha angekuja. Kumbe hakuna aliyemwita.

Nikapima kuanzia jiwe lile, na mstari ukapita katikati ya nyumba ya mama. Nikapanda na kopo la rangi, nikamchorea ukutani alama nyekundu ya kubomolewa, nikashuka.

Mchana akaja mkuu wangu, Mzee Gaspard, aliyekulia Bujumbura, mtu wa kushuku hata kivuli chake. Brosheti hakuzigusa. Alilisukuma jiwe kwa mguu, akainama kutazama nyasi zilizokuwa chini yake. Zilikuwa bado mbichi.

"Kijana, hii jiwe iko na siku ngapi hapa?"

Wapimaji wa zamani walizika makaa chini ya kila jiwe la mpaka, maana makaa hayaozi, na anayehamisha jiwe hajui kuyahamisha. Mzee akachimba pale, akakuta udongo mtupu. Akashuka hatua nane hadi kwenye visiki vya ua wa miti uliokatwa karibuni, akachimba tena, makaa yakatoka. Mfanyabiashara akakumbuka ghafla kwamba anasubiriwa Muhima.

Nikapanda kwa mama na ndoo ya maji na brashi. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka. Rangi ilififia tu, haikutoka. Yeye alisimama ananitazama.

"Mwanangu, uliandika kwa nyumba yangu, hata mwaramutse haukusema."

Kweli, salamu hiyo ya asubuhi sikuwa nimempa. Nimepima migodi na mabonde mengi tangu siku hiyo, wala sijaambiwa neno zito kama lile. Niliona haya, na hadi leo naona.

Basi nisikilize, mwanangu. Leo nyinyi wapimaji vijana mna mitambo inayosoma satelaiti, lakini mtambo hupima pale ulipousimamisha. Lishuku jiwe unaloonyeshwa kwa kidole. Ishuku sahani inayotangulia kazi. Zaidi ya yote jishuku mwenyewe, unapomwogopa aliyenuna na kumwamini anayecheka. Piga hodi kwa jirani, mwite ashuke, kwani penye wengi hapaharibiki neno.

Mungu akupe jicho la kuona nyasi zilizo chini ya jiwe, na kila mlango utakaoufikia, waliomo waitikie salamu yako.