Kimo cha Muntu na Mukono Juu

Babamukwe wangu aliitwa Sebarenzi. Kwetu bibi-arusi hataji jina la baba ya bwana wake, hata nyumba ikiungua na yeye njo iko ndani. Mimi nimelitaja. Nimekwisha kumupita miaka, basi ngurumo ikipiga leo mujue inanitafuta mimi. Ninyi muendelee kumenya viazi.

Hakuwa muntu mukubwa. Ng'ombe wake walikuwa wawili, na mumoja kilema. Alichimba makaburi. Muntu akikufa kutoka kilima chetu mpaka chapeli ya misioni, walimuita Sebarenzi na jembe lake la mupini mufupi. Walimupa kibuyu cha pombe ya mutama, anamwanga kidogo chini, anakunywa kidogo, anaenda. Kwa hiyo alijua udongo kama mimi ninavyojua sufuria zangu: ipi inatoboka, ipi inashika maji.

Huko juu Masisi, pahali tulikuwa tunachunga, baridi ilifanya jogoo awike akiwa amelala bado, macho yake yamefungwa. Lakini udongo ule! Mvua inanyesha mchana kama ya kumwangwa na chungu, na kabla wingu halijageuza mugongo, udongo umekwisha kukunywa yote. Alama ya kwato la ng'ombe haikulala na maji hata siku moja. Na ulivyoenda chini! Kuku wangu mwekundu alianza kuchimbua akitafuta mududu, akaingia, akaingia. Juma lililofuata watu wa Sake, kule chini kabisa ya mulima, wakatuma habari kwamba iko anataga kwao. Hiyo ya kuku nimeongeza kidogo. Ile inayofuata sikuongeza kitu.

Sebarenzi alikuwa na bibi, Mukamurenzi. Mutoto wao wa kwanza alikufa wakikaa bondeni, karibu na majimaji ya matete. Sebarenzi akachimba, na maji yakapanda kutoka chini. Akateka na kibuyu, akateka, akateka, mpaka padri akachoka kungoja. Mutoto akashushwa ndani ya maji. Mukamurenzi alisikia ile sauti. Miaka makumi mbili hakuisema. Aliisema siku moja tu, akiwa anakufa, wakati wa mvua kubwa: "Mimi usinilaze bondeni. Unipeleke juu, pahali maji haisimami."

Akamupeleka juu, katikati ya nyasi za ng'ombe. Akachimba siku mbili. Musalaba aliousimamisha, ng'ombe waliukwaruzia mugongo mpaka ukaanguka, naye hakuurudisha. Alikuwa na hesabu yake: kutoka jiwe la chumvi, lile ng'ombe wanalolamba, hatua makumi tatu na moja. Mimi nilipoolewa na mwana wake Floribert, kila siku ya Mungu nilimuona anapanda pale, anasimama, anashuka. Hesabu hiyo nikaijua kwa kumuangalia tu.

Kisha akafika Muzungu wa udongo, aliyetumwa na serikali kupima kilima chetu. Ilikuwa mwaka 1952. Polycarpe njo aliniambia, maana mimi sihesabu miaka, nahesabu mimba. Polycarpe alikuwa mutoto wa kwetu, karani wa kutafsiri. Alituambia siri yote: pahali udongo uko murefu na maji haisimami, wataandika kwamba ni pazuri, na pale patawekwa waya wa miiba kwa ng'ombe za mukoloni. Pahali jiwe liko karibu, watatuachia. Na sisi, tukifukuzwa juu, tungeenda wapi? Bondeni, kwa matete, pahali kwato za ng'ombe zinaoza.

Muzungu alitafuta muchimbaji, na muchimbaji alikuwa mumoja tu. Kanyamibwa, jirani yetu mwenye ng'ombe makumi mbili, alimuita Sebarenzi kwake, akamuambia kwamba yeye anajua mawe yote yanalala wapi, basi amupeleke muzungu kwa mawe. Sebarenzi akakubali. Tena alicheka, akasema atamupa mawe mpaka ajenge kanisa.

Siku ile nilipanda na kitunga cha viazi na maharagi ya muchimbaji. Shimo la kwanza, jembe likalia juu ya jiwe, kimo cha magoti. La pili, kimo cha paja. Muzungu akachukua udongo, akautemea mate, akaukanda kwa vidole kama muke anayejaribu unga, akaandika. Watu waliosimama pembeni walikuwa wanameza kicheko. Kanyamibwa alisema kwa sauti ndogo kwamba Sebarenzi anapenda mashimo kuliko bibi-arusi anavyopenda kioo, na mimi nikajifanya sikusikia.

Lakini muzungu hakuwa mujinga. Aliangalia nyasi. Alimwanga maji ya ndoo yake hapa, yakabaki. Akaenda mbele, akamwanga kule, yakapotea. Akatembea polepole mpaka akasimama, akaonyesha chini na fimbo. Mimi sikuhitaji kuhesabu. Hatua makumi tatu na moja.

Sebarenzi hakuinua jembe. Akasema, "Hapa iko bibi yangu."

Polycarpe akatafsiri. Muzungu akavua kofia, akarudi nyuma. Hilo nalisema kwa sababu njo kweli. Kisha akauliza neno, na Polycarpe akakawia kulitoa.

"Anasema hatafungua kaburi," akasema. "Anauliza tu, ni wewe ulichimba? Ulifika wapi?" Na kwa sauti ya chini, kwa luga yetu: "Papa, sema magoti. Sema ulikuta jiwe. Ataandika, atashuka, imekwisha."

Neno moja tu. Kanyamibwa, huko nyuma ya muzungu, alikuwa anapiga magoti yake na kiganja, polepole, kumukumbusha. Ila kwetu kimo cha magoti ni kaburi la mbwa. Sebarenzi aliangalia nyasi, akaangalia watu, akaniangalia mimi. Nikainamisha macho kama bibi-arusi anavyopaswa. Mpaka leo inaniuma. Sijui macho yangu yangemuambia nini, lakini ningemuachia ayasome.

Akasimama sawasawa, akanyosha mukono juu ya kichwa, vidole vyote.

"Kimo changu, na mukono huu."

Hata kama Polycarpe angetaka kudanganya, mukono ule haukungoja karani. Na Sebarenzi akaendelea, kama muntu anayeonyesha nyumba aliyomujengea bibi yake. Udongo mweusi mpaka kwa kifua, akasema, kwa sababu kwa baridi hii nyasi zinaoza polepole, na mizizi inafika mpaka hapo. Chini yake rangi ya ngozi ya kiazi, unavunjika mukononi kama ugali uliolala. Hakuna jiwe, hakuna alama ya kutu, hakuna tope la rangi ya majivu, yale ya pahali maji inasimama. "Nilichimba siku mbili ndani ya mvua kubwa," akasema, "na maji ya kulowanisha kidole haikuingia."

Kalamu ya muzungu ilitembea sana.

Waya ulikuja kiangazi cha pili. Tukashuka bondeni na ng'ombe. Kati ya makumi mbili za Kanyamibwa zikabaki tisa, na kilema yetu ilikufa ya kwanza. Kanyamibwa hakumusalimia Sebarenzi tena. Alisema kwa watu kwamba yule aliuza kilima kwa kaburi moja. Mimi nilimuuliza Sebarenzi mara moja tu: "Papa, magoti ilikuwa ngumu kusema?"

"Mwanangu," akasema, "siku ile ningemuzika mara ya pili. Na mara hiyo kwa magoti."

Alikufa mwaka 1958, tena wakati wa mvua. Floribert alienda kwa kapita, musimamizi wa waya, kuomba tumuzike juu kwa bibi yake. Kapita akajibu kwamba kule ni nyasi za ng'ombe, si makaburi. Basi vijana wakaanza kuchimba bondeni. Maiti ilikuwa ndani ya mukeka, na maji yalikuwa yamefika kwa kifundo cha muguu.

Kanyamibwa akatokea na jembe begani. Hakusalimia muntu. Aliangalia ndani ya shimo, akaangalia maji yale. Akageuka, akapanda mulima. Tukainua mukeka, tukamufuata.

Kwa waya, alisukuma ule wa chini na muguu na kuinua wa juu na mupini, tukapita. Muchungaji wa mukoloni alituona. Akageuza ng'ombe zake zote upande mwingine na kuanza kupiga mluzi. Kanyamibwa akasimama, hakujua pahali. Mimi njo nilianza kutoka jiwe la chumvi, nikihesabu kwa sauti mbele ya wanaume, mpaka makumi tatu na moja. Nikaongeza mbili, apate kulala pembeni ya bibi yake.

Alichimba yeye mwenyewe. Vijana waliomba kumupokea jembe, akakataa. Ilinyesha, ikaacha, na shimo lilikuwa kavu. Jioni kichwa chake hakikuonekana tena. Floribert akainama, akamuambia kwamba imetosha, Papa, apande.

Kanyamibwa akanyosha mukono. Tukaona vidole vyake juu ya nyasi.

"Bado," akasema, na vidole vikashuka.