Siku Mjomba Alipobebwa Hai

Juma lililopita mjukuu wangu aliniomba nilie. Alikuja baada ya alasiri na wenzake wawili. Wakavua viatu mlangoni, wakanipa shikamoo kwa sauti moja kama watoto wa chuo cha Kurani, nikajua hapo hapo kuwa wana jambo. Wanatengeneza filamu kwa simu, hapa hapa Bofu, habari za vijana wanaotaka kuwa majambazi wakubwa. Bastola wamechonga, damu wamepika, polisi wamepata, ni shemeji ya mmoja wao. Walichokosa ni mama wa yule jambazi anayekufa mwishoni.

"Si kulia sana, Nyanya," akasema. "Kidogo tu. Utoke mlangoni hivi, mbio, ushungi umeanguka."

"Ushungi uanguke?"

"Ndiyo, Nyanya. Ndiyo ionekane kweli."

Niliwaambia nitawajibu kesho, nikawapa kaimati zilizobaki, wakaenda zao wakicheka. Mimi nikabaki na tasbihi mkononi, ulimi umesimama.

Wewe uliyekulia upande wetu wa feri, miaka ile bendera ya Mwingereza ikikaribia kushushwa, utaikumbuka Bofu ya mihogo na mikorosho, njia ya mchanga mweupe uliochoma nyayo adhuhuri, na moshi wa makumbi ya nazi jioni. Nililelewa na Bibi, mama yake mama yangu. Alikuwa msuka mikeka. Kazi yangu ilikuwa kumchotea maji ya kuchemshia rangi na kugeuza ukindu kwa kijiti ndani ya sufuria, mpaka vidole vyangu vikawa vyekundu kama vya hina na mwalimu wa chuo akaniuliza kama nimeolewa bila yeye kualikwa. Nyumba nzima ilinuka ukindu mbichi na rangi. Hata leo nikipita penye mkeka mpya huona njaa, kwa sababu saa ya kuipua rangi ndiyo iliyokuwa saa ya mbaazi.

Bibi hakuwahi kupigwa picha. Watoto wake walimbembeleza siku za Idi, akakataa. "Picha itabaki nami nimekwenda," alisema. "Ikianguka mikononi mwa watu, nani atanisitiri?" Hakuna mwanamume wa nje, asiye maharimu wake, aliyewahi kumwona kichwa wazi. Hilo lilikuwa fahari yake, na alikuwa hana fahari nyingine.

Mjomba alikuwa kitinda mimba wake. Alifanya kibarua bandarini, na kila alipopata chochote alivuka kwenda sinema. Akirudi alituchezea filamu nzima uani: alipiga risasi, alianguka, alifufuka, akawa polisi. Yeye na rafiki zake walijiita genge. Walisimamisha kola, wakatembea kwa kuburura mguu, wakazungumza kwa pembe ya mdomo. Uhalifu wao mkubwa ninaoujua ni mapapai ya jirani, na hayo nasi watoto tuliyala.

Kisha akaja mpiga picha. Alikuwa mtu wa bara, mpole, mcha Mungu kwa dini yake, aliyepanga chumba karibu na feri. Alinunua kamera ya sinema iliyotiwa ufunguo kama saa, ikanguruma kidogo, ikakata. Alipowaona Mjomba na wenzake wakiburura miguu aliwaambia, "Nyinyi ndio ninaowatafuta." Malipo yalikuwa chai. Bastola zilichongwa kwa makumbi na kupakwa masizi ya birika. Makoti waliazima kwa fundi cherehani, ya wateja, kwa sharti wasikunje mkono. Gari la kukimbilia lilikuwa teksi mbovu, na sisi watoto tuliinama nyuma yake tukilisukuma, huku Mjomba ndani akishika usukani kwa uso wa mtu anayefukuzwa na dunia nzima. Damu ilikuwa rangi ya Bibi.

Asubuhi ya siku ninayoisema Bibi alilikuta kopo la rangi tupu. Alimfokea Mjomba vibaya. Alimwambia kuwa ukindu wa watu unakauka ndani na yeye anacheza. Mjomba akaondoka bila kunywa chai.

Siku hiyo ndiyo mkubwa wa genge alikuwa afe na azikwe. Jeneza la msikiti hawakuthubutu kuliomba. Walichukua kitanda cha kamba, wakafunga miti kwa chini, wakapinda fito juu yake na kufunika shuka ya kijani. Mjomba akalala ndani, kifua chekundu. Mpiga picha alikuwa juu ya teksi. Alitaka vijana wachache tu wapite kwa mbali, basi. Walichagua saa nane mchana, watu wamelala.

Lakini yule mgeni hakuijua desturi yetu. Kwetu jeneza likipita hukai ukatazama. Unatia bega, hatua chache, unampisha mwingine, unapata thawabu zako. Kuuliza maiti ni nani ni baadaye. Wale vijana walilijua hilo, ila walidhani wakinyamaza wataonekana wamebeba kitanda tu. Wakaenda kimya. Kisha mmoja wao, kwa mazoea ya bega kuwa chini ya mti wa jeneza, mdomo ukajiendea: "La ilaha illa Llah." Wa pili akaitikia. Milango ikaanza kufunguka.

Mwalimu wa chuo alitoka na kiatu kimoja. Mwuza duka aliacha mizani inacheza. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu walisimama wakajipangusa mikono. Wote walitia mabega. Mpiga picha, huko juu, alifikiri Mungu amemletea watu wa bure. Alitia ufunguo, akatia tena.

"Maiti nani?" mwuza duka akamnong'oneza mbebaji mmoja.

Yule kijana aliogopa kuharibu picha. Akainamisha shingo. "Mtoto mdogo wa mama wa mikeka." Na kwa kweli ndiye aliyekuwemo mle.

Habari ilitangulia jeneza. Mimi nilikuwa barazani, ndani ya ua, na chanuo la mti mkononi, nikimfumua Bibi nywele. Upande mmoja ulikuwa umesukwa, upande mwingine uko wazi, mweupe kama pamba. Jirani yetu akaingia na unga mikononi. "Shoga yangu, jikaze," alisema. "Ni kitinda mimba wako."

Bibi alitoka kama alivyo. Alitoka pekupeku, kanga kiunoni, bila ushungi, nywele zimesimama. Wanaume walimpisha wakiinamisha macho. Alikishika kitanda kwa mikono miwili, wabebaji wakayumba.

"Nimemfokea kwa ajili ya rangi!" alilia. "Mwanangu hata chai hakunywa! Chukua rangi, baba! Chukua yote!"

Kamera ilikuwa inanguruma.

Mjomba aliisikia sauti ya mama yake akaketi. Watu walikimbia. Mwuza duka alianguka kichakani, na mwalimu wa chuo alisimama pale pale akisoma kila dua aliyoijua. Kisha mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, kicheko cha hofu. Bibi hakucheka. Aliutazama ule wekundu kifuani mwa mwanawe, akaugusa kwa kidole, akaijua rangi yake.

"Umekufa," alimwambia. "Basi kaa hivyo hivyo."

Tangu siku hiyo hakumjibu salamu. Mjomba alisimama mlangoni asubuhi na jioni: "Shikamoo, mama." Chakula alimwekea, sahani imefunikwa kawa, kando ya mlango kama cha mpita njia. Akimtaja kwa jirani alimwita marehemu. Mwezi uliandama, na mwingine ukaandama.

Mwalimu wa chuo alikuja kumwombea. "Mama, hata mimi nilitia bega, na nimemsamehe. Thawabu zangu Mola atajua pa kuziandika."

"Wewe ulibeba kitanda, mwalimu," Bibi akajibu. "Mimi nilibeba mimba."

Na jambo lilikuwa zito kuliko salamu. Mjomba alikuwa amepata nafasi ya kazi ya jikoni melini, na meli ilikuwa karibu kuondoka. Rafiki zake walimwambia apande tu, mama atapoa. Yeye alisema, "Nitapandaje baharini sina radhi?" Akaanza kukonda. Kola aliishusha mwenyewe.

Katikati ya hayo filamu ikawa tayari. Ilionyeshwa Jumapili alasiri katika ghala ya mbata, madirisha yamezibwa kwa magunia, shuka imetundikwa ukutani. Joto na harufu ya nazi iliyokauka vilitukaba. Watoto tulikaa chini mbele, wanaume nyuma. Filamu haikuwa na sauti, kwa hiyo mpiga picha alisimama kando ya mashine akisema maneno ya kila mtu. Tulicheka teksi ilipopita, maana miguu yetu ilionekana chini yake. Tulipiga makofi kila risasi. Mjomba alikuja na kanzu, akakaa pembeni peke yake.

Kisha jeneza likatokea. Watu wakaanza kuitana: "Huyo wewe! Huyo mwalimu na kiatu kimoja!" Na ghafla Bibi akatokea, mkubwa kama nyumba. Nywele zake, shingo yake, mdomo umefunguka bila sauti. Mpiga picha naye alinyamaza, hakuwa na maneno ya kumtilia.

Mjomba alisimama. Alitupita sisi watoto, akaenda mpaka kwenye shuka, akaipa ghala mgongo, akatanua mikono ili kanzu ienee. Uso wa Bibi ukamwangukia mgongoni, ukicheza kwenye mikunjo ya nguo.

"Kaa chini!"

"Toka mbele, wee! Hujafa bado?"

"Tunataka kuona!"

Nami nilipiga kelele. Nilikuwa na meno ya mbele yamepukutika, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko za wote. Kaa chini, Mjomba, kaa chini! Nilitaka kumwona Bibi wangu akiwa mkubwa hivyo. Walimtupia vipande vya mbata. Hakugeuka. Alisimama vile mpaka shuka ikawa nyeupe tupu. Nami hapo, kwa akili ya kitoto, nilifikiri jambo moja tu: kwamba amembeba mama yake mgongoni.

Nilikimbia nyumbani. Bibi alikuwa anakuna nazi.

"Wameniona?" aliuliza, hakuinua uso.

"Wameona kidogo," nikasema. "Kisha Mjomba akasimama mbele. Wakampiga kwa mbata, hakutoka."

Alichukua kifuu kingine, akaendelea kukuna. Sikumwambia kuwa na mimi nilipiga kelele. Hakuniuliza.

Mjomba alifika karibu na magharibi, kanzu ina mafuta mgongoni. Alisimama mlangoni kama kila siku, akasema kama kila siku, sauti ya mtu asiyetarajia kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bibi akasema. Kisha: "Ingia ndani. Umekula?"

Alipanda meli na radhi zake. Alituletea vitambaa mara moja mbili, kisha akafariki bandari ya mbali na kuzikwa na Waislamu wa huko, Mungu awalipe. Njia yetu hii ilimbeba ile mara moja tu, akiwa hai. Mpiga picha alirudi kwao baada ya uhuru. Mikebe ya filamu aliiacha ghalani, na tulipoifungua miaka mingi baadaye ilikuwa imegandamana, inanuka siki. Ghala yenyewe leo ni nyumba za kupanga. Mikorosho haipo.

Nashukuru kwa yote. Nimesomesha wasichana Kurani katika baraza ile ile, nimeona wajukuu. Mjukuu wangu nilimjibu kuwa atanipiga picha nikisuka ukili wa mkeka, ushungi umefungwa, na kulia silii. Alinung'unika, akakubali. Nimefurahi kuwa watanikumbuka hivyo.

Ila Bibi sina picha yake. Uso wake wa kila siku, ule wa kuipua rangi na kupakua mbaazi, umenifutika, kila mwaka kidogo zaidi. Uliobaki wazi ni ule mmoja, wa kwenye shuka, kichwa wazi mbele ya wanaume, uso ambao Mjomba alitukanwa kwa kuusitiri. Baada ya sala nikimwombea Bibi ndio unaonijia. Najua ninachopaswa kufanya, nami hufumba macho na kumpisha Mjomba asimame mbele, atanue kanzu yake. Kisha, Mola anisamehe, nachungulia.